Lisikilize Gari Likiwa Baridi

Amalemba, Kakamega
Jumamosi jioni, mwisho wa Agosti

Mwanangu Ayuma,

Nimejiwekea ahadi kwamba barua hii itakueleza kila kitu ninachokijua kuhusu sauti ya gari letu, pamoja na mambo ya nyumba hii yasiyoweza kutenganishwa na sauti hiyo. Sitakuambia ule vizuri. Sitakuambia uvae sweta ukifika Kitale wala upige simu ukivuka Kapenguria. Hayo tumeyasema wiki nzima mpaka yamechakaa. Mimi nimechoka kuyasema, nawe umechoka kuyasikia.

Ninaandika kwa sababu mchana hatukuelewana. Nilikuwa nikianika sare yangu ya shule, nawe ulikuwa unapakia sufuria zako kwenye buti, kesho uondoke na gari ukaanze kazi Turkana. Nikakuuliza kama umelisikia gari asubuhi.

"Mama, ni tapeti tu," ulisema. "Fundi amefungua, amekaza, amefunga. Sasa unataka afanye nini tena? Aiimbie injini?"

Baba yako alicheka. Hata mimi nilitaka kucheka.

"Nataka uisikie ikiwa baridi," nikasema.

"Kwani wewe uko Form Three ama uko gereji?"

Hapo nilinyamaza. Usidhani nilikasirika. Wewe ndiye uliyekwenda kwa mwalimu mkuu ukamwambia kwamba mama yako aliacha shule Form Two kwa sababu yako, na sasa unataka arudi. Wewe ndiye uliyeninunulia viatu vyeusi. Kila asubuhi ninakaa darasani na watoto ambao wangekuwa wadogo zako, na wote wananiita Mama Ayuma, hata mwalimu wa hesabu. Kwa hiyo ukiniuliza niko wapi, jibu ni kwamba niko pale uliponiweka. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na mengi ya kusema na mdomo wangu ulikuwa umechoka. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema kwamba anayeandika barua amwone msomaji wake mbele yake. Ninakuona kupitia mlango ulio wazi. Umelala chali, miguu juu ya ukuta, simu kifuani, na ukuta huo niliufuta juzi.

Sasa nianze na Alhamisi. Baada ya masomo nilikwenda Iguhu kuchukua kuku wa kuuza. Nilipokuwa ninarudi, nikiwa na matundu nyuma, nilikanyaga mafuta kwenye kilima nikasikia kitu. Hakikuwa kile kimlio chembamba cha asubuhi cha tapeti, vile vyuma vidogo vya juu ambavyo fundi wako amevikaza. Hicho ninakifahamu. Hutoka juu ya injini, kama mtu anayegonga kijiko pembeni mwa kikombe, na injini ikipata joto hupungua mpaka hukisikii. Nilichosikia kilimani kilitoka chini. Kilikuwa kizito, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi iliyofungwa kitambaa. Nilipotoa mguu kwenye mafuta kilinyamaza. Nilipokanyaga tena kilirudi. Halafu kuku wakaanza kelele zao, barabara ikawa tambarare, na sikukisikia tena.

Huo ndio ushahidi wangu wote. Ni mdogo, ninajua.

Lakini wewe unafahamu kwa nini siwezi kuipuuza sauti ya chini. Unafahamu kwa sababu ulikuwepo. Ulikuwa mdogo, na sidhani kama tumewahi kukaa chini tukazungumza habari ile tangu mwanzo mpaka mwisho.

Gari hili tulilinunua kwa mtu aliyekuwa amelipasha moto kabla hatujafika. Boneti ilikuwa ya moto nilipoigusa, nami nikadhani ni jua. Aliliwasha, likaguruma vizuri, baba yako akazunguka akapiga magurudumu teke kama alivyoona wanaume wengine wakifanya, tukalileta nyumbani. Asubuhi iliyofuata, tulipoliwasha likiwa baridi na oili haijapanda, likagonga. Baba yako wakati huo alikuwa anaendesha trekta la kubeba miwa kule Kabras, na kule kila mtu alikuwa na dawa moja ya injini inayopiga kelele. Waliitia oili ya trekta, ile nzito kama molasi. Pikipiki ilitiwa, mashine ya kusaga mahindi ilitiwa, na gari letu nalo likatiwa. Baba yako alikuja na mtungi, akamimina huku akipiga mluzi. Sauti ikaisha. Ayuma, tulifurahi! Tulipika kuku. Tulikuwa kama watu waliotoka hospitalini.

Hatukujua tulichofanya. Ndani ya injini, chini kabisa, kuna beringi zinazoshikilia kranki, na baina ya chuma na chuma hutakiwa kuwa na utando mwembamba wa oili. Beringi ikilika, nafasi huongezeka, na chuma hugonga. Oili nzito huijaza nafasi ile kama nguo iliyotiwa chini ya kikombe, kwa hiyo husikii kitu. Lakini kukiwa na baridi ya asubuhi oili ile hutembea polepole kama mzee, na kabla haijafika beringi zinasagana kavu. Kila asubuhi tulikuwa tunaiua injini, nayo ilikuwa inakufa kimya kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumeiziba mdomo.

Halafu Kukhu, mama mzazi wa baba yako, akafariki.

Nikuambie Kukhu alikuwa nani kwangu, maana wewe unamkumbuka kama bibi wa kukupa miwa iliyomenywa. Nilifika katika boma lao nikiwa nimevaa sketi ya shule, nikiwa na mimba yako. Watu walikuwa na maswali. Kukhu hakuuliza hata moja. Alinisogezea kigoda karibu na moto, akanikatia obusuma, ugali wa moto, akasema, "Kula, halafu ulale. Maneno yako kesho." Na kesho ilipofika hakuyaleta yale maneno. Kwa hiyo siku ya kumzika nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka nisimame pale kaburini kama wasimamavyo wakaza wana, niseme neno langu mbele ya wale waliokuwa na maswali.

Baba yako alitangulia na jeneza. Mimi nilibeba akina mama wa kanisa kutoka hapa Amalemba, nawe ulipakatwa nyuma na Mama Shiundu, yule mwenye sauti ya kuongoza nyimbo. Walianza kuimba kabla hatujatoka kwenye lami ya mtaa, na hawakupumzika. Katikati ya nyimbo walikuwa wananitania.

"Mama Ayuma, kanyaga mafuta! Tutafika wakiwa wamemaliza kula!"

"Mwacheni. Huyu anaendeshanga kama amebeba mayai."

"Si sisi ndio mayai! Angalia Mama Shiundu, hilo ni yai la mbuni."

Wakacheka, wakafuta machozi, wakaimba tena. Na chini ya wimbo nikasikia. Wewe pia ulisikia. Ulisema, "Mama, kuna mtu anagonga huku chini." Nikakujibu, "Nyamaza, imba na wenzako."

Taa nyekundu ya oili iliwaka, ikazima, ikawaka. Niliitazama kama mtu anayetazama mgeni asiyemtaka mlangoni. Nilichotakiwa kufanya ni kidogo sana. Ningeinua mkono niseme, "Akina mama, nyamazeni kidogo nisikilize gari." Sikuweza. Ni nani anayewanyamazisha watu wanaomwimbia marehemu? Nilisikia mapema jinsi ingesemwa kule bomani, kwamba yule msichana aliyekuja na sare ya shule amesimamisha msiba wa mama mkwe kwa sababu ya gari lake. Kwa hiyo nikakanyaga mafuta ili nifike kabla ya lolote kutokea. Kukanyaga huko ndiko kulikoimaliza injini.

Ulikuwa mlio mmoja, kama sufuria kubwa iliyoangukia saruji. Kisha moshi, kisha gari likajiendea lenyewe taratibu mpaka kando ya shamba la miwa likasimama. Injini ilikuwa imenoki, haiwaki tena. Ndipo akina mama wakanyamaza.

Tulitembea kati ya miwa, viatu mikononi. Hakuna aliyenilaumu. Mama Shiundu alikubeba mgongoni njia nzima, akiwa amekauka koo. Tulipofika wanaume walikuwa wanapiga udongo kwa migongo ya majembe. Niliambiwa baadaye kwamba jina langu liliitwa, watu wakageuka wakangoja, halafu mwenye kuongoza akasema tuendelee. Neno langu kwa Kukhu ninalo hadi leo. Sijui pa kulipeleka.

Baada ya hapo gari lilikaa uani muda mrefu, kuku wakitaga chini yake, mpaka tulipopata injini nyingine ya mtumba. Siku walipoifunga nilisimama gereji kutwa. Nilijiambia kwamba hii sitaizoea tu, nitaijua. Mafundi walinicheka, kisha wakazoea. Nilijifunza kutumia mwiko. Unaweka ncha yake kwenye chuma, na mkono wa mwiko kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na ule mti hukuletea sauti ya mahali pale pekee. Baba yako alikuwa anawaita majirani: "Njooni muone, Mama Ayuma anasongea injini obusuma!" Walikuja kweli.

Lakini nisikudanganye kwamba tangu hapo sikio langu halikosei. Unakumbuka mwaka ule nilipokataza gari lisitoke, na wewe ukachelewa basi, ukakosa safari ya shule ya kwenda Kisumu? Nilisikia tik-tik-tik nikaona tayari kaburi na shamba la miwa. Kumbe ilikuwa ekzosi. Gasketi yake ilikuwa imepasuka pale inapoungana na injini, na hewa ilikuwa inatoka kwa kupiga. Palikuwa na masizi meusi ambayo hata mtoto angeyaona, lakini mimi nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu husikia kile anachokiogopa. Ulilia chumbani, na wenzako waliporudi walikuwa na picha za ziwa. Ndiyo maana leo mchana hukuniamini. Una haki.

Kwa hiyo jana sikukimbilia kusema. Nilichukua mwiko nikafungua boneti gari likiwa limepashwa moto tayari. Kwanza nilichomoa kijiti cha oili nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa chini ya alama, si sana. Nikaongeza, oili yake halali. Nikaweka mwiko juu, penye tapeti. Kimya. Fundi wako amefanya kazi nzuri, mwambie nimesema hivyo. Nikainama, nikaupeleka chini kando ya sampo, lile bakuli la oili, nikamwomba baba yako akanyage mafuta na kuachia. Nikasikia kitu. Au nilisikia damu yangu mwenyewe sikioni. Nilirudia mpaka shingo ikauma. Sijui, Ayuma. Sikio langu la kulia si lile la zamani, na nikiinama siku hizi kichwa huvuma. Hiyo ndiyo kweli yote niliyo nayo, mama mtu mzima ameshika mwiko na hajui.

Wewe una masikio ambayo mimi sina. Nilikuona siku ile ulipokuja na pembe yenu ya wauguzi ya kusikilizia mimba, ukamwekea jirani yetu tumboni, ukafumba macho. Alikuwa anaongea nawe ukamwambia, "Mama, nyamaza kidogo." Alinyamaza palepale, tena akatabasamu. Uliupiga mdundo wa mtoto kwa kidole juu ya goti lako, na ulijua upi ni wa mtoto na upi ni wa mama. Nilikwenda jikoni nikajifanya ninatafuta chumvi.

Ninachotaka kesho ni hicho hicho, kwa gari.

Kuna kizuizi kimoja, nacho ni baba yako. Tangu mazishi ya Kukhu, kila asubuhi huamka kabla yetu akalipasha gari moto. Hasemi kwa nini. Yeye ndiye aliyeleta ule mtungi wa oili, na sijawahi kumtajia. Akimaliza hufuta kioo cha mbele kwa mkono wa shati, hata kama ni kisafi. Wewe umekua ukilikuta gari limeshapata joto, kama uji unaoukuta mezani. Hujawahi kulisikia likiamka.

Leo baada ya kukunja nguo nilimfuata uani.

"Kesho usiliwashe," nikamwambia.

"Mtoto aende Turkana na gari baridi?"

"Aende na gari analolijua."

"Na likigonga?"

"Basi litakuwa limegongea hapa nyumbani."

Aligusa gurudumu kwa ncha ya kiatu. Halafu akasema, "Nilikuwa nimeshapanga niamke mapema zaidi," akaniwekea ufunguo mkononi, akaingia ndani. Ukimwona kesho hana kazi, amesimama tu na mikono mfukoni, mpe kitu cha kubeba.

Basi utafungua boneti wewe, utaliwasha wewe. Mimi nitasimama mbali karibu na kamba ya nguo na sitasema neno, nimeahidi. Likilia juu, kwa wepesi, na sauti ikapungua kadiri linavyopata joto, nenda, na Mungu akutangulie. Subiri lipate joto hasa, usiwe na haraka. Kisha weka mwiko chini, baba yako akanyage na kuachia. Ukisikia ngumi ile yenye kitambaa, na joto likawa haliipunguzi bali linaizidisha, toa sufuria zako kwenye buti. Panda basi. Joto la huko uendako litaifanya oili kuwa nyepesi kama maji, na beringi iliyochoka itakuwa haina pa kujificha. Tena kwenye miteremko ya Kamatira sitaki nikuwaze.

Ninajua kuacha gari kunamaanisha nini. Wewe umeniambia kwamba zahanati yenu haina gari lake, na hospitali iko mbali, na kwamba muuguzi aliyekuwepo kabla yako alikuwa anasimama barabarani akipungia malori. Hatukukupa gari hili ili utembelee. Tulikupa ili mtu afike. Kwa hiyo sikukatazi. Nilikukataza mara moja kwa hofu yangu, na mara nyingine nilikunyamazisha kwa aibu yangu, na mara zote mbili wewe ndiye uliyelipa. Kesho uamuzi ni wako, na nitauheshimu hata kama sikio langu litasema vingine.

Usiku unaingia na nina insha ya Jumatatu ambayo sijaianza. Mwalimu anasema nikiendelea hivi nitafaulu mwakani. Sijamwambia mtu mwingine, ninakuambia wewe. Labda mwakani nitaweza kuijaza fomu yangu ya kuomba chuo bila kukuuliza neno lolote. Nimechoka, lakini ni uchovu wa mtu anayekwenda mahali.

Jambo moja limebaki, na hili sikuliweka kwenye mazungumzo ya mchana kwa sababu sina jibu lake. Nimelitafuta tangu shamba la miwa. Wale akina mama walikuwa wanakwenda kumzika mtu ambaye hangeweza tena kudhurika, na bado sikuweza kusimama. Wewe utakaowabeba watakuwa hai. Ukifika, ukishafungua mizigo, niandikie barua, usipige simu, maana kwenye simu utanituliza. Niandikie unijibu hili kwanza kabla ya habari za afya na hali ya hewa: siku utakapokuwa na mama mwenye uchungu kwenye kiti cha nyuma, na ndugu zake wanakuhimiza ukimbize, na hospitali bado iko mbali, na wewe peke yako ndiye unayesikia injini ikigonga kutoka chini, utasimama?

Mama yako